Nilivyokwenda Kariakoo Kujifunza Kunyamaza

Safari hii ilisababishwa na uchochoro. Ukumbi wa kata, ambamo kikundi chetu cha vijana hufanyia mazoezi ya maigizo kila alasiri, umetenganishwa na wodi ya wazazi ya kituo cha afya kwa kichochoro ambacho mbuzi wawili hawapishani. Aliyejenga hivyo simjui, na ningemjua ningemwambia. Upande huu Bakari anapiga ukunga kwamba kaibiwa ng'ombe, upande ule mama aliyejifungua alfajiri anautafuta usingizi. Sista Agnes, muuguzi wa wodi ile, alikuja mara ya kwanza kwa upole. Mara ya pili alikuja kwa macho tu, akasimama mlangoni akatutazama mpaka tukanyamaza wenyewe. Mara ya tatu hakuja kwetu, alikwenda moja kwa moja kwa mtendaji wa kata.

Mtendaji akaniita mimi, maana mimi ndiye mlezi wa kikundi. Jina langu la nyumbani ni Mama Tatu. Nashona nguo Muheza, karibu na stesheni, na wanaonijua watakwambia cherehani yangu hupumzika lakini mdomo wangu haupumziki. Mtendaji akasema tuchague: tutafute namna ya kuigiza bila kelele, au mwisho wa mwezi turudishe ufunguo. Nikamuuliza maigizo yasiyo na kelele ni maigizo gani hayo. Akasema yeye si msanii, yeye ni mtendaji.

Nilirudi nyumbani nimenuna. Mtu wa nje atasema ukumbi ni jengo tu, tafuteni jingine. Jingine lipi? Baba yake Zawadi alishaniambia wazi siku aliyomruhusu binti yake kujiunga: kwenye ukumbi wa serikali, tena na mimi nikiwepo, sawa, vichochoroni, hapana. Na wazazi wa mabinti wengine wote wamesimama nyuma ya kauli hiyo hiyo. Tukiukosa ukumbi, wanaobaki ni wavulana, na wavulana bila wenzao siku ya tatu wako kijiweni wanacheza drafti. Miaka yote niliyowalea ingeishia hapo, na wazo hilo lilininyima usingizi.

Aliyepata dawa ni Zawadi mwenyewe. Yeye ni msusi, mikono yake inafanya kazi huku macho yapo kwenye simu ya mteja. Akaona video ya vijana wa Kariakoo wanaoigiza barabarani bila kusema hata neno moja, na watu wamejazana wanacheka. Akawaandikia. Kiongozi wao, anaitwa Kelvin, akajibu kwa ufupi sana: njooni, tutawaonyesha. Kikundi kikachangishana nauli ya watu watatu, mimi, Bakari na Zawadi, nami nikaahidi kwamba tukirudi tutaigiza mbele ya mtendaji na Sista Agnes, na wao waamue.

Jumatano alfajiri tulipanda basi na kiroba cha machungwa, kwa sababu mtu wa Muheza haendi kwa watu mikono mitupu. Nilikaa na mama mmoja anayekwenda kumwona mjukuu Kibaha. Mpaka tunafika Segera nilikuwa najua ugonjwa wa mumewe, na tulipofika Chalinze yeye alikuwa anajua wangu wote. Bakari, aliyekaa nyuma yetu, akasogeza kichwa akaniambia, "Mama Tatu, si uanze mazoezi hapa hapa?" Nikamwambia mazoezi yanaanza Dar, bado tuko mkoa wa Pwani.

Tulishuka stendi ya Mbezi mchana, tukapanda mwendokasi mpaka Gerezani, na hapo alitusubiri wifi yangu Saida, dada wa marehemu mume wangu. Saida anakaa Ilala tangu enzi, nyumba ya urithi yenye vyumba vya kupangisha na ua ambao haujawahi kukosa moshi wa kitu kinachopikwa. Mtu na wifi yake hawakosi kutaniana. Nilipomweleza kilichotuleta aliweka chini kiroba cha machungwa, akashika kiuno.

"Wewe, kujifunza kunyamaza," akasema. "Kaka yangu angekuwa hai angeuza shamba akulipie ada."

Tulicheka mpaka wapangaji wakachungulia. Usiku ule tulikula wali wa nazi na pweza, na Saida akamhoji Bakari kuhusu kazi yake ya saidia fundi kana kwamba anataka kumwozesha. Nililala nimeshiba na nina wasiwasi kidogo, maana utani wa wifi una kawaida ya kugusa penyewe.

Alhamisi asubuhi tulitembea kwa miguu kutoka Ilala hadi Kariakoo. Niliwahi kufika zamani, kununua vitambaa, lakini nilikuwa nimesahau jinsi masikio yanavyochoka kabla ya miguu. Mtaa wa Kongo haupitiki, unapenyeka. Kila muuza viatu ana kipaza sauti chake, na kipaza sauti hicho kimerekodiwa, kwa hiyo hakikohoi wala hakinywi maji. Wabeba mizigo wanapiga mluzi upishe, bodaboda zinapiga honi, mtu anakunong'oneza bei ya saa kama siri ya familia. Zawadi alikuwa anacheka tu. Mimi nilijaribu kumwambia neno nikaona midomo yangu inachezacheza bure, hata mwenyewe sijisikii.

Duka la wazazi wa Kelvin linauza ndoo, mabeseni na sufuria kwa jumla. Ni watu wa Kilimanjaro, wako Kariakoo tangu kijana huyo hajazaliwa. Mama Kelvin alikuwa mezani anawahudumia wateja wa Mbeya, akatupokea kwa mkono mmoja huku mwingine unafunga bidhaa, akatuelekeza ngazi. Tukapanda, tukapanda, mpaka juu kabisa kwenye paa la zege, penye matangi ya maji na kamba za nguo. Hapo ndipo kikundi chao kinapofanyia mazoezi. Vijana walikuwa wamevaa fulana nyeusi na glavu nyeupe, zile wanazovaa wapiga matarumbeta, ili mikono ionekane hata na mtu aliye ng'ambo ya barabara.

Vijana waliniamkia wote, nikaitika, na Kelvin akanisogezea ndoo iliyogeuzwa nikae. Kijana mrefu, mpole, anaongea taratibu kama mtu anayehesabu maneno yake. Nilimuuliza wameanzaje jambo hili, nikitegemea habari ya semina au mfadhili. Akatabasamu, akanielekeza sikio chini, barabarani.

"Tulianza na maigizo ya kusema, Mama," alisema. "Tukapaza sauti mpaka makoo yakauma, anayesikia ni aliyesimama mbele tu. Hapa huwezi kushindana na spika ya viatu. Basi tukaacha kusema."

Nilikaa kimya kidogo, na kwangu hilo si jambo la kila siku. Sisi tulinyimwa sauti na wodi iliyotaka utulivu, wao walinyimwa na soko lisilotulia hata dakika, na tumekutana juu ya paa kutafuta kitu kimoja. Niliwapenda vijana wale hapo hapo.

Mazoezi yakaanza. Walitupanga wawili wawili tutazamane, mmoja awe mtu, mwingine awe kioo chake. Wakatufundisha kuvuta kamba isiyokuwepo, kufungua mlango usiokuwepo, kula ndizi isiyokuwepo na kutupa ganda lake kwa adabu. Kisha gunia. Bakari alijitokeza kifua mbele, maana kubeba ndiyo kazi yake. Akainama, akainua gunia lake la hewa akaliweka kichwani, na kila mtu akaona kwamba amebeba mto wa kulalia. Kelvin akamwambia gunia halibebwi na mikono, linabebwa na magoti. Magoti yakiamini, watu wataamini. Bakari alirudia mpaka jasho likamtoka kweli. Aliniambia baadaye kwamba amebeba saruji miaka yote hiyo na hajawahi hata siku moja kujitazama anavyoibeba. Kufika mchana gunia lake lilikuwa zito hata mimi nikataka kumsaidia kulitua.

Mimi mwenyewe, aibu. Tulikaa duara tukipokezana kitu kisichoonekana, kila mmoja akigeuze kiwe kingine. Msichana wa pembeni yangu akanipa paka. Nikampokea vizuri, nikampapasa mgongo, nikamgeuza tumbo, na nikasikia sauti yangu ikisema, "Huyu ana mimba." Duara zima likaanguka kwa kicheko. Sheria yao ni kwamba anayesema kwenye mazoezi anaosha vikombe vya chai. Niliosha vikombe siku hiyo, nikaviosha na kesho yake, na kwa namna nilivyovizoea ningeweza kukueleza kipi kina ufa na kipi kimeng'oka mkono.

Ijumaa asubuhi Kelvin alitupeleka Feri, kwenye soko la samaki, akatuambia tusimame mbali tusikosikia maneno, tutazame mikono na migongo, na kila mmoja arudi na kitu kimoja alichokiiba kwa macho. Bakari aliiba mtu anayenunua samaki: anafungua shavu la samaki kwa kidole gumba, anatazama wekundu, kisha anakunja uso kana kwamba hajaupenda hata kama ameupenda. Zawadi akaiba mama aliyekataa bei. Yule mama aligeuza mwili nusu akaanza kuondoka, lakini ndoo yake akaiacha pale pale, na muuzaji alipoiona ile ndoo alijua biashara bado ipo. Zawadi aliuigiza ule mgongo pale pale kando ya wakaangaji, na mkaangaji mmoja akashusha upawa wake kumtazama. Nami niliiba nini? Sikuiba kitu. Nilikutana na mama wa Pangani anayeuza dagaa, tukaanza kuulizana koo, na Kelvin alipokuja kunichukua tulikuwa tumegundua undugu.

Njiani kurudi nilimwambia Kelvin nahofia naharibu. Akasema hapana, kila kikundi kinahitaji mtu wa kuosha vikombe. Saida alipoisikia hiyo jioni alitaka tumwalike kijana huyo kwa chakula cha heshima.

Jumamosi alasiri tulishuka barabarani. Wenye maduka ya jumla walikuwa wameanza kushusha mageti, na mbele ya duka la kina Kelvin palipatikana nafasi ya duara. Alituandalia igizo fupi: Bakari analeta gunia sokoni, Zawadi ni mteja anayetaka kujua lina nini, na mwenye gunia hataki kufungua. Mteja analinusa, analitomasa, analitegea sikio, anajifanya anaondoka huku ameacha ndoo. Mwisho gunia linafunguliwa, jogoo anaruka, na wote wawili wanamkimbiza mpaka wanagongana. Watu wakasimama, kwanza wachache, kisha machinga wakaacha meza zao. Nilisimama mbele kabisa nimejiziba mdomo kwa ncha ya mtandio.

Zawadi alikuwa amefika kwenye kunusa, gunia liko begani kwa Bakari, magoti yake yanatetemeka sawasawa. Hapo hapo mzee mmoja wa kanzu, anatoka msikitini na mfuko wa mikate, akakata duara katikati kwa kuwa ndiyo njia yake ya kila siku. Alipita baina yao. Na Zawadi, bila kufikiri, akainama, akasema kwa sauti nzuri kabisa, "Shikamoo babu." Bakari naye, chini ya gunia lake, "Shikamoo mzee." Mzee akaitika marahaba, akamtazama Bakari aliyepinda mgongo, akamwambia atue mzigo, asijiumize. Kisha akaenda zake.

Kariakoo nzima ilicheka, au angalau kona ile. Mimi nilicheka hadi machozi. Kisha nikamwona Zawadi uso umemshuka, na wale vijana wenyeji wanatazamana, nikajua igizo limevunjika na halikuweza kuungwa tena. Mtu akishasikia sauti yako, gunia linarudi kuwa hewa.

Juu ya paa kulikuwa na mjadala. Vijana wa Kelvin walisema kanuni ni moja, ukishaanza huna wa kumsalimia, hata apite nani. Mmoja akasema wao wapita njia huwasalimu baadaye, kwa "mambo" na "poa", wakishatoka kwenye igizo. Kelvin akaongeza kwa upole kwamba kwenye Mtaa wa Kongo, ukitaka kumwamkia kila mtu mzima anayepita, igizo litaisha sikukuu ya Idi. Wote wakacheka isipokuwa Zawadi.

"Siwezi," alisema. "Mtu wa umri wa babu yangu anipite karibu hivi, nimkazie mdomo? Nimelelewa hivyo. Mdomo unatangulia kabla sijajua."

Nilitamani kumtetea, na nikamtetea, kirefu, maana mimi ndiye niliyemlea kikundini na sitaki kumfundisha mtoto kuwapita wakubwa kama nguzo za umeme. Lakini nilipokuwa nasema, hofu ikaniingia. Huku mjini watazamaji wengi ni vijana wenzao. Kwetu atakaa mtendaji, atakaa Sista Agnes, watakaa wazazi, na kila atakayechelewa kuingia ni mtu wa shikamoo. Ataingia mmoja, watamwamkia, ataitika, naye ataulizia wa nyumbani, na mwingine atadakia. Nawajua watu wetu. Kabla ya gunia kufunguliwa ukumbi utakuwa na kelele kuliko siku ya ng'ombe aliyeibiwa, na ufunguo tutaurudisha jioni hiyo hiyo. Nikakaa chini kwenye ndoo.

Zawadi ndiye aliyefungua fundo, tena bila neno. Alisimama, akavaa glavu zake, akamwambia kwa mkono Bakari apite. Bakari akapita kizee, mkono kwenye kiuno. Zawadi akashuka goti moja, taratibu, kichwa kimeinama, mikono imekutana, akabaki hivyo kitambo kidogo, kisha akainuka na kuendelea kunusa gunia. Ni goti lile lile wasichana wa kwetu wanalolipiga wakipeleka maji kwa mkwe. Hakuna aliyelihesabu kuwa igizo, na hakuna ambaye hakulisikia. Kelvin aliomba arudie ili na wenzake wajifunze. Bakari, kwa kuwa goti si la wanaume, alipata lake la mkono kifuani na kuinama. Tukakubaliana na jambo la pili: kwetu, kabla ya kuanza, wasanii watasimama mlangoni wawaamkie wakubwa wote, salamu ziishe, na mdomo ufungwe baada ya hapo.

Jumapili tuliagana. Mama Kelvin alitupa beseni jipya, nami nikamwachia machungwa yaliyobaki. Kelvin alitusindikiza mpaka kituoni akatupa jozi mbili za glavu. Saida alinikumbatia, akaniambia nikifaulu nimpigie simu, na nisiposema kitu kwenye simu atajua nimefaulu. Njia nzima ya kurudi Bakari na Zawadi walikuwa wanaigiza dirishani, na watoto wa kiti cha mbele wamewageukia.

Alhamisi iliyofuata, alasiri, ukumbi ulijaa. Mlangoni palikuwa na shikamoo kama za harusi. Baba yake Zawadi alikuja, akakaa karibu na mlango mtu asije kusema hakuwepo. Mtendaji alikaa mbele. Sista Agnes alituma salamu kwamba ana zamu, akipata nafasi atachungulia. Siku zote tulikuwa tunafunga madirisha ya upande wa wodi kuzuia kelele, na joto linatuua. Siku hiyo, kwa kuwa hatukuwa na kelele ya kuzuia, tuliyafungua yote.

Wakaanza. Bakari aliingia na gunia lake na nikasikia mzee mmoja nyuma yangu akihema. Kimya kilikuwa kizuri ajabu. Nilijisifu moyoni. Zawadi akalizunguka gunia, akalinusa, akapiga chafya kubwa isiyo na sauti, na hapo mtendaji akacheka. Mtendaji wetu ana kicheko cha mtu anayeita mbuzi ng'ambo ya mto. Baada ya yeye, nani angejizuia? Ukumbi mzima ukalipuka. Wakinamama walipiga makofi kwenye mapaja, mtu akagonga benchi, na kila Zawadi alipofanya jambo jipya kicheko kilipanda juu zaidi.

Siku zote zile Kariakoo tulijifunza kunyamaza sisi, na hakuna hata mmoja aliyewafikiria watazamaji. Kule barabarani watu walicheka watakavyo na soko likameza. Hapa hakuna soko, upo uchochoro, na ng'ambo yake kitanda cha mzazi. Nikageuka kuwanyamazisha kwa mikono, wakadhani nami naigiza, wakacheka zaidi.

Mlango ukafunguliwa. Sista Agnes, na gauni lake la kazi, amesimama.

Kicheko kilikatika. Zawadi, katikati ya igizo, alimwona, akashuka goti taratibu, kichwa chini. Bakari chini ya gunia akaweka mkono kifuani. Wala hawakufungua mdomo. "Marahaba," Sista akaitika, kabla hajajua ameitika nini, na nikaona amejishangaa. Mtendaji alisimama, akajipangusa macho, akaanza kuomba radhi kwa niaba ya kata. Akasema yeye mwenyewe ndiye shahidi kwamba kelele zimekuwepo, na kuhusu ufunguo atatekeleza alichosema. Nilimtazama baba yake Zawadi, akawa anatazama sakafu.

Sista Agnes alimsubiri amalize.

"Nimeacha wazazi wamesimama dirishani na watoto mikononi, wamegoma kurudi vitandani," akasema. "Nusu ya kicheko mlichosikia kimetoka kule wodini kwangu. Wamenituma niulize hilo gunia lina nini."

Mtendaji akauliza, kwa sauti ndogo, kama basi kelele hazikuwasumbua. Sista akasema kelele za mtu kuibiwa ng'ombe kila alasiri zinasumbua, kicheko cha leo kimemtoa kitandani mzazi aliyekataa kuinuka tangu jana. Ukumbi tubaki nao. Ila vijana wageuke, maana kule dirishani wanaona visogo tu.

Bakari akageuka. Zawadi akamfuata. Sasa sisi wageni wa heshima, tuliopewa viti vya mbele, ndio tuliobaki na migongo, na sikumwona mtu aliyelalamika. Niliyajua magunia yote ya kikundi chetu, na ndani ya hili kulikuwa na jogoo. Lakini Bakari alitua mzigo taratibu mno kwa jogoo. Alifungua kamba kwa vidole viwili, akaingiza mikono yote, akatoa kitu kidogo, akakiweka kwenye mkunjo wa kiwiko, shingo yake ikainama. Zawadi akasogea kutazama. Bakari akatikisa mabega kidogo, akabembeleza. Kisha ghafla akakinyoosha kitu kile mbali na kifua kwa mikono yote miwili, akaitazama fulana yake iliyolowa.

Ng'ambo ya uchochoro wakaanguka kwa kicheko, sauti nyembamba za watu wanaojishika tumbo kwa maumivu, na mtoto mmoja wa kweli akalia. Sista Agnes alikuwa amejifunika uso kwa mikono.

Mtendaji aliniinamia, ana watoto wanne na bado hajaelewa. "Mama Tatu," akaninong'oneza, "ametoa nini?"

Jibu lilikuwa kwenye ncha ya ulimi, na jinsi lilivyokuwa tamu. Nikaweka kidole mdomoni, nikamwonyesha dirisha.